Vyama vya Wanafunzi Vyuoni na Wajibu Wetu Wazazi



Katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo kuna wosia ambao wengi wetu huutoa tunapomsindikiza kijana kwenda chuo kikuu: "Mwanangu, kasome, mambo ya chama waachie wengine." Twausema kwa upendo, na kwa hofu pia. Leo tunaomba tuuchunguze wosia huo.

Hofu yetu ina historia. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa lile la kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara katika muda wa utumishi wao. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawarudisha makwao zaidi ya 300. Adhabu ilikuwa kali. Lakini tukiri kwamba vijana wale walikuwa wakidai fungu lao.

Zaidi ya miaka 11 baadaye mambo yaligeuka. Machi 1978 wanafunzi wa Mlimani waliandamana tena, safari hii wakipinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya wabunge na mawaziri. Hawakuomba chochote kwa ajili yao. Hata hivyo walifukuzwa kwa mamia, chama chao cha DUSO kikafutwa, na mahali pake pakawekwa MUWATA, kilichofungamanishwa na Umoja wa Vijana wa chama tawala. Aliyejidai haki yake na aliyekemea tamaa ya wakubwa walipata malipo yale yale. Ndipo wazazi tulipojifunza kunyamaza.

Kanisa halikutufundisha hivyo. Papa Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891, alitetea haki ya wafanyakazi kuunda vyama vyao. Naye Papa Yohane XXIII, mwaka 1963, aliihesabu haki ya kukusanyika na kuunda vyama miongoni mwa haki za kila binadamu. Kijana haivui haki hiyo langoni mwa chuo.

Hatusemi kwamba vyama hivyo havina doa. Wapo viongozi wanaopokea michango ya wenzao wasiisomee hesabu, na wapo wagombea wanaotafuta kura kwa kabila au kwa fedha za wanasiasa wa nje. Mgomo unaorusha mawe nao hatuwezi kuutetea. (Kuhusu hesabu zisizosomwa, tusiwacheke sana: zipo kamati za parokia zenye daftari ambalo halijafunguliwa tangu Pasaka.)

Kwa hiyo tunaomba viongozi wa walei mfanye mambo mawili. Wakati wa likizo waiteni wanafunzi wa parokia, waje na katiba ya chama chao, waisome mbele yetu, nasi tuwafungulie daftari letu. Na anaporudi nyumbani kijana aliyesimamishwa masomo, asipokewe kwa maswali ya polisi. Kamati ya Haki na Amani ikae naye na wazazi wake, isome barua aliyopewa, iulize kama alielezwa kosa lake na kama alipewa nafasi ya kujitetea. Ikiwa hakupewa, barua ya kuwauliza wakuu wa chuo iandikwe juma hilo hilo, kabla muda wa rufaa haujapita.