Kumbukumbu za Vita Zinapohamishwa: Mfano wa Nairobi

Bamba la shaba la kumkumbuka afisa aliyefia vitani hueleza mambo mawili kwa pamoja: jina la marehemu na mahali alipoangukia. Likiwa pale pale, ardhi yenyewe husaidia kusimulia. Likibanduliwa na kupachikwa kwenye ukuta mwingine, cheo, tarehe na kikosi husomeka bado, ila msomaji haoni tena nyika wala mto uliopiganiwa. Kuhamisha ukumbusho kwa hiyo ni kubadili maana yake, hata kama hakuna herufi iliyofutwa. Nairobi ina mifano ya kutosha, kuanzia Kenyatta Avenue katikati ya jiji hadi barabara ya Ngong.

Mfano unaojulikana zaidi si wa mwanajeshi. Sanamu ya Lord Delamere, kiongozi wa walowezi wa Kizungu, ilisimama mjini kwenye barabara iliyobeba jina lake. Mwaka 1963, Kenya ilipojitawala, iliondolewa na kupelekwa Soysambu, shamba la ukoo wake karibu na Ziwa Elementaita; barabara nayo ikaitwa Kenyatta. Mjini sanamu hiyo ilitangaza mamlaka ya walowezi. Shambani imekuwa kumbukumbu ya familia.

Kwenye barabara hiyo hiyo, sanamu za Waafrika na Mwarabu waliotumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia hazikuguswa. Zilichongwa na James Alexander Stevenson na kuzinduliwa mwaka 1928, na miongoni mwao yumo mpagazi asiye na silaha. Maneno yaliyotungwa na Rudyard Kipling yameandikwa hapo kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Lakini hakuna jina hata moja la mtu.

Pengo hilo ni zito ukilinganisha na walivyoenziwa maafisa. Luteni Wilbur Dartnell, aliyejeruhiwa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915, alichagua kubaki na majeruhi wenzake, akauawa. Ana kaburi lenye jina huko Voi na alitunukiwa nishani ya Victoria Cross. Kapteni Frederick Selous, aliyeuawa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, ana kaburi huko huko alikoanguka na ukumbusho wa shaba katika jumba la makumbusho ya viumbe, London. Wapagazi waliowabebea maafisa chakula na risasi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa. Jina la kikosi chao limebaki katika jina la Kariokor, mtaa wa Nairobi. Mwezi Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hasa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa baada ya vita hivyo.

Makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, yaliyofunguliwa mwaka 1941, yanaonyesha upande mwingine wa kuhamisha. Yana marehemu 1,952 wa Vita vya Pili vya Dunia, na baadhi yao walizikwa kwanza mbali, katika maeneo kama ya Garissa na Marsabit, kisha wakaletwa hapa. Makaburi yaliyotawanyika nyikani yangemezwa na vichaka na mchanga. Ya Nairobi hutunzwa, na jamaa wanaweza kuyafikia. Hapo hapo pana ukumbusho wa wasiojulikana walipozikwa, akiwemo Sajini Nigel Leakey wa King's African Rifles, aliyevamia vifaru vya Waitaliano huko Colito, Ethiopia, tarehe 19 Mei 1941. Uhamisho wa makaburi hayo ulikuwa wa haki kwa sababu jina na kikosi cha kila aliyetambuliwa vilisafiri pamoja na mwili wake.

Mabamba ya makanisani, shuleni na kwenye vilabu hayana bahati hiyo. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza kitu kuwa kumbukumbu inayolindwa, lakini bamba dogo ambalo halijatangazwa hubaki mikononi mwa mwenye jengo. Jengo likiuzwa au likikarabatiwa, bamba huishia stoo, au kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao huipima shaba kwa kilo tu.

Bamba likibidi kuhamishwa, lipigwe picha mbele kabla ya kufungua skrubu, pamoja na ukuta wake, kisha nyuma likishabanduliwa, kwani jina la fundi huenda liko nyuma. Vipimo, tarehe na jina la aliyetoa idhini viandikwe. Lisisuguliwe kwa dawa yenye chembechembe, maana herufi zilizochongwa kwa kina kifupi hufutika upesi. Mahali papya pawekwe kibao kidogo kinachotaja lilikotoka na mwaka lililohamishwa, pamoja na kikosi cha askari na wapagazi waliokuwa na afisa huyo, kwa majina pale daftari za jeshi zinapoyataja.