Mbu Sugu, Neti Bado Ni Kinga

(Hotuba kwa wakazi barazani, kutoka Ofisi ya Mawasiliano ya Kaunti)



Juzi mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, neti zenu hazifanyi kazi. Mbu anatua juu yake, anapumzika, kisha anaruka zake." Neti yenyewe ameizungushia sukuma wiki. Watoto wake wanalala bila kinga.

Alichokiona mama ni kweli. Mimi si daktari, kwa hiyo niliwauliza wataalamu wetu wa afya.

Dawa ya neti ni ya jamii ya pairethroidi. Mbu akitua, dawa humwingia hadi kwenye neva na kuzuia milango midogo ya sodiamu isifunge. Neva hazitulii, mbu hutetemeka, huanguka, hufa.

Lakini baadhi ya mbu wana njia za kujiokoa. Kwanza, mlango umebadilika umbo, dawa haushiki vizuri. Badiliko hilo liliripotiwa kwa mbu wa magharibi mwa Kenya mwaka 2000. Pili, mwili wa mbu hutengeneza kwa wingi vimeng'enya viitwavyo P450, vinavyoivunjavunja dawa kabla haijafika kwenye neva, kama ini la mtu linavyovunja pombe.

Mbu hakufundishwa haya. Wachache walizaliwa nayo. Dawa ikaua wenzao, wao wakabaki kuzaana. Dawa za jamii hiyo tunazopulizia mashambani nazo huchangia.

Ndiyo maana neti nyingine za sasa zimeongezwa PBO. Hii haimuui mbu. Huvifunga vile vimeng'enya ili dawa ifanye kazi yake. Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 2017 kwa maeneo yenye mbu sugu.

Na hata mbu asipokufa, neti nzima iliyochomekwa vizuri chini ya godoro ni ukuta. Mbu aliye nje hamfikii mtoto aliye ndani.

Kwa hiyo tufanye hivi: tulale ndani ya neti kila usiku. Tuifue kwa sabuni ya kawaida na kuianika kivulini. Ikitoboka, tuishone. Mtoto akishikwa na homa, apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo.

Mama yule ameahidi kutafutia sukuma wiki ua mwingine. Nasi tumuige.