Kuwafundisha Wageni Kiingereza: Hotuba Iliyosomwa Mbele ya Mkutano wa Mwaka



Halmashauri imetuagiza tueleze habari za darasa la jioni ambalo chama chetu huwafundishia wageni Kiingereza bila malipo. Tutasema mema yake na makosa yake pia, kwa kuwa leo mtapiga kura darasa hilo liendelee ama lifungwe, na si haki mpige kura huku mmefichwa nusu ya habari.

Yafaa kwanza tujue wageni hawa ni nani. Tangu kambi za Dadaab zilipofunguliwa mwaka 1991, na Kakuma mwaka 1992, nchi yetu imewapokea watu wa Somalia, Sudan Kusini, Ethiopia, Kongo, Burundi na kwingineko. Wengi wao hukaa kambini. Lakini wengine, kwa sababu ya masomo, matibabu, ndoa au kazi, huonekana katika miji yetu hii ya Mlima Kenya, na hasa Isiolo. Wala si jambo jipya. Waitaliano walipoivamia Ethiopia mwaka 1935, watu wa nchi ile walivuka mpaka wakaja kwetu, na Isiolo palikuwa na kambi yao kabla hawajahamishiwa Taveta.

Mzee mmoja alituuliza mwaka jana, "Mbona mwawafundisha wageni, na wajukuu wetu wamekaa nyumbani kwa kukosa karo?" Swali hilo halikuwa la chuki, nasi hatukulipuuza. Twajibu hivi: darasa halikuchukua hata senti moja katika mfuko wa karo. Chumba twaazimwa, chaki twanunua wenyewe.

Lakini liko jibu jingine, nalo wazee walijua kuliko sisi. Baba zao walivaa kipande shingoni, karatasi waliyoandikiwa mambo yao wasiweze kuyasoma. Na wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952, watu wetu walipofungiwa kizuizini bila hukumu, aliyejua kusoma alimfundisha asiyejua. J. M. Kariuki, ambaye wazazi wake walitoka Chinga huku kwetu Nyeri wakahamia Bonde la Ufa, aliandika barua za malalamiko kwa Kiingereza kutoka kizuizini, nazo zikafika kwa wakubwa wa London. Asingalijua lugha ile, malalamiko yale yangaliishia langoni.

Sasa makosa. Tulianza kwa vitabu vya watoto wa darasa la kwanza. Watu wazima, wengine wenye mvi, walikariri habari za paka na mpira kwa muda wa miezi mitatu. Walikariri kwa adabu tu, kwa kuwa walituheshimu. Siku moja baba mmoja wa Kongo alitoa mfukoni barua aliyoitunza vizuri ndani ya mfuko wa nailoni akidhani ni cheti. Kumbe ilikuwa barua ya kumwita ofisini, na siku ya kuitwa ilikuwa imepita majuma mawili. Aliweza kutuambia kwa Kiingereza kwamba paka yuko chini ya meza. Tulitahayari sana. Tangu jioni hiyo vitabu vile vimefungwa kabatini, na mwanafunzi huja na karatasi zake mwenyewe: barua, fomu ya shule ya mtoto, bahasha ya dawa.

Kosa la pili lilikuwa la kiburi. Mwanamke mmoja Mwethiopia alishindwa kusoma ubao, nasi tukamwandika katika daftari kuwa hajui kusoma, tukamkalisha pamoja na wale wa ngumbaru. Kumbe alikuwa akisoma Kiamhara tangu utotoni, kwa herufi zao za kale zisizofanana na hizi zetu hata kidogo. Hakutusahihisha. Mwanawe ndiye aliyetueleza.

Hao ndugu wa Kongo wana shida yao. Kiswahili wanacho, ingawa shule wao huiita "masomo". Lakini lugha yao ya ofisini ni Kifaransa, na maneno mengine ya Kifaransa hufanana na ya Kiingereza kwa sura tu. Kwa Kifaransa "demander" ni kuomba au kuuliza. Kijana mmoja akaandika "I demand" akidhani anaomba kwa unyenyekevu, na karani akamwona hana adabu, akamrudishia ombi lake. Twalifundisha neno hilo sasa katika juma la kwanza.

Na tusisahau kwamba wako wageni wanaotushinda. Sudan Kusini ilipopata uhuru mwaka 2011 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya serikali, na baadhi ya vijana wake wanaosoma huku hukisema vizuri kuliko baadhi yetu. Wawili wao sasa wanafundisha pamoja nasi. (Mmoja hucheka jinsi tunavyochanganya "r" na "l", na hatuna la kumjibu.)

Kwa wale watakaojitolea twasema mambo machache. Usimwulize mgeni alikimbia nini; akitaka atakwambia. Usimjazie fomu ya ukimbizi kwa kukisia, kwa kuwa tarehe moja iliyokosewa yaweza kumsumbua miaka mingi. Mpeleke kwa Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2021, au kwa wakili. Wala usianze kazi hii kama huwezi kuja kila Jumanne na Alhamisi. Mwalimu asipotokea, wako waliotembea kwa miguu toka mbali, nao hurudi gizani.

Mwaka huu walimu watatu wametuacha, wawili kwa uhamisho na mmoja kwa ugonjwa. Tukipata wanne, darasa litaendelea. Tusipopata, itatubidi tuwaambie wanafunzi kabla ya mwezi kwisha, ili wasije wakaukuta mlango umefungwa. Daftari la majina liko mezani kwa Karani wa chama, karibu na dirisha, na kalamu ipo.