Vichwa Visivyofika Hospitali



Kiswahili kina mapunye ya kichwani na choa cha mwilini. Kenya wapo wanaosema mashilingi, kwa kuwa baka lake ni duara kama sarafu. Siku hizi mtaani yote yametiwa kapu moja, fangasi. Ugonjwa wenye majina yote haya si mgeni kwetu. Makadirio ya dunia ya mwaka 2010 yaliyaweka maradhi ya fangasi ya ngozi na kucha katika nafasi ya nne kwa wingi kati ya maradhi yote, yakiwapata watu wanaokaribia bilioni moja. Lakini ukiuliza yameenea kiasi gani Afrika Mashariki, jibu litategemea umesimama mlango gani. Hoja yangu jioni hii ni kwamba mlango wa hospitali ndio mbaya kuliko yote ya kusimamia.

Daftari la kliniki huhesabu waliofika, na kufika kuna nauli yake. Mtu mzima mwenye kazi ya mjini, ambaye ukucha wa dole gumba umekuwa mnene na wa njano, atakwenda kwa daktari wa ngozi, kwa sababu kiatu cha wazi kinamtia aibu. Mtoto wa darasa la pili mwenye mapunye hapelekwi popote. Ananyolewa, anapakwa chochote kilichopo nyumbani, na shule inaendelea. Kwa hiyo ukisoma madaftari tu utaamini kwamba fangasi ni maradhi ya kucha na miguu ya watu wazima. Ukiingia darasani ukatazama vichwa, utaapa kwamba ni maradhi ya watoto. Hakuna anayesema uongo hapo. Ila anayepanga kununua dawa za mkoa mzima kwa kufuata daftari atanunua marhamu, na marhamu hayaponyi mapunye, kwa sababu fangasi imejificha ndani ya unywele wenyewe. Mtoto huyo anahitaji vidonge vya griseofulvini, kwa wiki sita hadi nane au zaidi.

Hata kutazama kuna mitego. Fangasi inayoongoza vichwani katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ni Trichophyton violaceum. Hii haitoki kwa paka wala mbwa. Inatoka kwa mtoto kwenda kwa mtoto, na wengine huibeba bila baka lolote. Taa ya Wood, inayosifiwa sana vitabuni kwa kuufanya unywele wenye ugonjwa ung'ae kijani, haiioni kabisa. Vitabu hivyo viliandikwa kwa vichwa vya kwingine. Chombo kinachotufaa ni cha zamani na rahisi: unakwangua ukingo wa baka kwa kijembe butu, vigamba vinaangukia kioo, unadondoshea tone la potasiamu haidroksidi, unasubiri dakika kadhaa seli za ngozi ziyeyuke, kisha chini ya hadubini nyuzi za fangasi zinajitokeza zikiwa na matawi yake.

Najua swali linalofuata: tuna malaria, tuna kifua kikuu, kwa nini tuhesabu ugonjwa usioua? Ni kweli hauui, na pingamizi hilo lina uzito bajeti inapokuwa finyu. Lakini kutokuhesabu nako kuna gharama. Mgonjwa asiyepimwa huishia duka la dawa, akatoka na mrija wa krimu iliyochanganya dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi kali. Siku ya tatu mwasho umekwisha, wekundu umepungua, na mnunuzi anaisifu krimu hiyo kwa majirani. Steroidi imeunyamazisha mwili huku fangasi ikitanuka, mpaka baka linapoteza ule ukingo wake wa duara na hata mganga aliyesoma halitambui. India imeonyesha mwisho wa njia hiyo: choa sugu kisichosikia dawa ya tabinafini, ambacho sasa kimevuka mipaka na mabara.

Wengine watasema jicho la mganga mzoefu linatosha. Kwa choa cha mgongoni, huenda. Kwa kucha, hapana: takriban nusu tu ya kucha zilizoharibika ndizo zenye fangasi, nyingine ni soriasisi, au kiatu kinachobana. Kumpa mtu tabinafini kwa wiki kumi na mbili kwa ukucha uliobanwa na kiatu ni kuchezea ini lake na mfuko wake. Na mafundi tunao. Tangu mwaka 1992 kituo cha mafunzo ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, kinawafundisha maofisa tabibu wa nchi nyingi za Afrika kazi hii hii. Mmoja wao, akiwa na hadubini na boksi la vioo, aanzie shule za msingi, na kila kichwa chenye mapunye kimwongoze hadi kwa wadogo zake nyumbani, ambao bado hawajafika umri wa kuandikishwa.