Mtoto wa Nani? Kundi, Maadili na Siasa katika Meru na Embu



Mwezi Mei 2024, Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka, aina ya miraa, kuingizwa, kusafirishwa na kuuzwa katika kaunti yake. Kilifi ikafuata. Sababu iliyotolewa Pwani haikuhitaji kufafanuliwa kwa mzazi yeyote: vijana wanaharibika, wanatoroka shule, wanashinda barazani wakitafuna majani kwa njugu na bigijii. Huku kwetu, hasa Mbeere, ambako mahindi hunyauka mvua ikichelewa, jibu lilikuja upesi, nalo halikuhitaji kufafanuliwa: muguka ndio karo. Gavana wa Embu, Cecily Mbarire, akasimama na wakulima. Rais Ruto akakutana na viongozi wa Embu, akatangaza kwamba amri zile hazina nguvu kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na sheria ya taifa. Mahakama Kuu hapa Embu ikazisimamisha kwa muda.

Magazeti yaliuita mgogoro huo vita vya maadili na pesa. Mimi sikubali. Kila upande ulikuwa ukimtetea mtoto. Waliachana pale tu ilipofika kusema mtoto wa nani.

Mwanasaikolojia Jonathan Haidt amefundisha kwamba binadamu tunahukumu mema na mabaya kwa misingi michache: huruma kwa anayeumia, haki, uaminifu kwa wenzetu, heshima kwa mamlaka, na utakatifu wa mwili na roho. Kwa maelezo yake, wafuasi wa vyama vya Marekani hugombana kwa sababu kila upande unaipa misingi hiyo uzito tofauti. Ni hoja nzuri, lakini ukiisafirisha hadi Maua au Siakago inayumba, kwa maana huku mtu mmoja hubadilisha uzito huo kulingana na anayeshtakiwa ni nani. Uingereza ilipopiga marufuku miraa tarehe 24 Juni 2014, kinyume na ushauri wa baraza lake lenyewe la wataalamu wa dawa za kulevya, waliokasirika Meru hawakuwa walaji na wachuuzi peke yao. Yuko Mmethodisti wa Kaaga ambaye hajawahi kuutia mti ule mdomoni, ambaye mwanawe akiugusa nyumba haikaliki, na siku ile alizungumza kama aliyetukaniwa mama. Hakuwa mnafiki. Nyumbani kwake miraa ni suala la utakatifu wa mwili. London ilipoigusa, ikageuka kuwa suala la uaminifu kwa wenzake.

Hapo ndipo penye hoja yangu ya leo. Jambo la maadili ambalo kundi lenyewe lilikuwa likibishania hugeuka kuwa alama ya kundi mara tu mgeni anapolitolea amri. Ubishi wa ndani hukoma, na msimamo wa kisiasa huzaliwa.

Mgeuko huo kwetu ulianza mapema. Mwaka 1929, katika misheni ya Chogoria iliyokuwa chini ya Dkt. Archibald Irvine, waumini walitakiwa kuweka alama ya kidole gumba, yaani kirore, kwenye ahadi ya kuachana na tohara ya wasichana. Ahadi hiyohiyo iliwataka wajitenge na Kikuyu Central Association. Tazameni jinsi mambo mawili yalivyofungwa fundo moja: mwili wa binti na chama cha siasa. Waliokuwa na mashaka yao kuhusu tohara sasa hawakuwa na njia ya kuyasema bila kuonekana wameuza ardhi na watu wao. Waumini wengi mno waliondoka kanisani.

Mwaka 1956 serikali ilijaribu njia ya werevu zaidi. Mkuu wa Wilaya ya Meru hakutoa amri mwenyewe. Aliipitisha kwa Njuri Ncheke, baraza la wazee ambalo Wameru waliliheshimu na ambalo maafisa wa kikoloni, hasa H. E. Lambert, walikuwa wamelipa nafasi katika utawala tangu miaka ya 1930. Wazee wakapiga marufuku tohara ya wasichana kwa kauli moja. Ikawaje? Wasichana wa umri wa miaka 12, 13, 14 walinunua nyembe madukani, wakaingia vichakani na kukeketana wenyewe. Walipoulizwa ni nani aliyewafanyia hivyo, walijibu kwamba kila mmoja alijitahiri, na kwa jibu hilo wakaitwa Ngaitana. Mwanahistoria Lynn Thomas amehesabu kwamba katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa kwa kukaidi agizo la Njuri.

Sisemi walifanya vyema. Ukeketaji ni madhara, na wengi wao waliumia. Ninachowaomba mwone ni kwamba wasichana hao waliwanyima wazee, baba na serikali kwa pamoja haki ya kusema Mmeru mwema ni nani. John Lonsdale, aliyeandika sana kuhusu Wakikuyu, ametenganisha ukabila wa kupigana na majirani na ule mjadala wa ndani, ambamo watu wa lugha moja hugombana juu ya utu, kazi, ndoa na mali. Wanasiasa wetu hutumia ule wa kwanza kwa sababu unahesabika kwa kura. Huo wa pili ndio unaotulea.

Hata hizo hesabu za kura zina historia ya maadili. Chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, Wakikuyu, Waembu na Wameru waliwekwa kapu moja, na katika uchaguzi wa Machi 1957 hakuna aliyeruhusiwa kupiga kura kutoka kapu hilo bila cheti cha uaminifu kwa serikali. Wameru waliopata vyeti walikuwa wengi kuliko Wakikuyu. Basi mwalimu wa Meru, Bernard Mate, akamshinda Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria. Tangu hapo mipaka imechorwa na kufutwa. Uhuru ulipokuja, Meru na Embu zilitengwa na Mkoa wa Kati. Mwaka 1971 GEMA, chama cha Wakikuyu, Waembu na Wameru, ikatuunganisha. Mwaka 1980 ikavunjwa. Tukawa Mlima Kenya. Mwaka 2024 Rigathi Gachagua, aliyekuwa amezoea kusema serikali ni ya wenye hisa, aliondolewa katika wadhifa wa Naibu Rais, na Kithure Kindiki wa Tharaka-Nithi akachukua nafasi yake. Ghafla tukasikia tuna Mlima Mashariki. Kapu hushonwa upya kila uchaguzi, na bado tunaapa kwamba tulizaliwa ndani yake.

Nirudi Mbeere. Akina mama wa Siakago na Kiritiri huulizana vijana wauziwe muguka wakiwa na umri gani, na kwa nini duka lililo karibu na shule liruhusiwe. Mwezi Mei 2024 maswali hayo hayakuwa na nafasi; aliyeyauliza angeonekana yuko upande wa Mombasa. Amri ya Pwani, iliyotaka kuwaokoa vijana, iliwanyang'anya mama hao ukumbi wao.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti jukumu la kudhibiti dawa za kulevya. Embu inalo jukumu hilo kama Mombasa. Bunge letu la kaunti likiamua kesho kuweka umri wa mnunuzi na umbali wa duka kutoka shuleni, wakulima wataipinga sheria hiyo, tena kwa kelele, na nina hakika baadhi yao wamo humu ukumbini. Lakini watalazimika kumpinga jirani yao kwa hoja za karo, afya na bei ya gunia, kwa sababu hakutakuwa na mgeni wa kumsingizia.