Mganga Hajigangi: Utabibu wa Vijijini Kwaluguru



Mmenitaka niseme juu ya utabibu wa vijijini, kazi niliyoifanya kwa miaka mingi katika zahanati za Handeni na Korogwe.

Usiku mmoja wa masika mama mmoja alijifungua salama, kisha akaanza kutoka damu nyingi. Sindano ya oksitosini ilikuwapo. Dawa hiyo hutakiwa kuhifadhiwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na jokofu letu lilikuwa limezimika siku kadhaa kwa kukosa gesi. Nikamchoma hivyo hivyo, nikakanda mfuko wa uzazi, na vijana wakambeba juu ya kitanda cha kamba, matopeni, hadi barabara kuu. Dereva wa lori la mkaa akampokea. Hospitalini nduguze wakajitolea damu, akapona.

Mama mkwe wake ndiye aliyekuwa akiwakataza wakaza wanawe kwenda kliniki. Mwaka uliofuata alimleta mwingine, mimba ikiwa changa, bila ya kuitwa. Hayo ndiyo malipo ya kazi yetu: kuaminiwa.

Imani ya namna hiyo imeufaa ulimwengu mzima. Kati ya 2009 na 2014 chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, kimojawapo Korogwe. Mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza itumike. Kina mama waliokubali kuwatoa watoto wao wana fungu katika ushindi huo.

Lakini wahenga walisema, mganga hajigangi. Muuguzi anayelala katika chumba cha kupimia wagonjwa, na kuteka maji lambo alfajiri kabla ya kuzalisha, hatakaa. Akihama, huondoka na imani ya kijiji, na anayemfuata huanza upya.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mnapokusudia seva, msifikirie sanduku la dawa peke yake. Fikirieni pia nyumba ya mtumishi, tangi la maji ya mvua na jokofu la nguvu za jua. Mtunzeni mganga, naye atawatunza wagonjwa.