Mzabibu wa ugenini, tunda la kwetu

Maneno ya kamati kwenye mkutano mkubwa wa shirika letu, Goma



Leo hatuna divai mezani, tuko na sukre na maji tu. Lakini tunaomba tuongee kidogo juu ya divai.

Sisi tuliopita Tanzania tunaijua ile nyekundu ya Dodoma. Zabibu haikuzaliwa kule. Kabla ya Uhuru wa 1961, wamisionari Wakatoliki waliipanda Bihawana wapate divai ya misa. Dodoma ni kukavu, mvua ni kidogo, lakini mzabibu ulikubali. Leo unavunwa mara mbili kwa mwaka. Hakuna anayeuita mgeni tena: divai inabeba jina la Dodoma.

Hata Ufaransa ni vile vile. Pembeni ya mji wa Bordeaux kuko shamba la Château Haut-Brion. Divai yake nyekundu ilisifiwa London tangu 1663. Karne mbili baadaye, kadudu kadogo kalitoka Amerika, kakaanza kula mizizi, na mizabibu ya Ufaransa ikakauka mashamba kwa mashamba. Dawa nayo ikatoka Amerika: shina ambalo mizizi yake inavumilia kale kadudu. Walichukua kitawi cha kwao, wakakifunga juu ya lile shina mpaka vikashikana. Mpaka leo karibu mizabibu yote ya Bordeaux imesimama juu ya mizizi ya namna hiyo. Na divai? Ni ya Bordeaux. Hata Haut-Brion yenyewe ilinunuliwa na Mwamerika, Clarence Dillon, mwaka 1935. Haikuacha kuwa Haut-Brion.

Njo sababu tunaongea hivi: watoto wetu. Tuko na kijana wa miaka 13, amekulia kambi ya Nakivale, Uganda. Kule alisoma kwa Kiingereza na alikuwa anashika vizuri. Hapa, kwa sababu ya Kifaransa, walimweka pamoja na watoto wa miaka 8. Wanamwitaka «Muganda». Mwezi wa tatu akabaki nyumbani. Na si yeye peke yake.

Tulipata mradi wa masomo ya Kifaransa. Feza ilikuwa ya miezi mitatu, ikaisha, masomo yakasimama. Sasa mwalimu mmoja anafundisha bure kila siku ya posho, kwenye parsele ya mwanamemba, watoto wakikaa juu ya vibao.

Wafadhili wetu, tunawashukuru sana. Lakini mzabibu hauvunwi miezi mitatu baada ya kupandwa. Tunaomba mwaka mzima wa masomo, hata kama ni kwa watoto wachache.

Na sisi wazazi, tuache kuwaita «watoto ya kambi». Kile Kiingereza si aibu, ni mizizi waliyoongeza. Tukikifunga vizuri pamoja na Kifaransa na Kiswahili chetu, tunda litakuwa la hapa.